Nguzo ya Nne

Barua ya mkaguzi wa ardhi iliwafikia watu wa Mepsey siku ya Jumanne, na kufikia Jumatano kila aliyekuwa na mtaimbo alikuwa shambani anadunga ardhi. Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, Bwana Hallam angekuja kutoka mjini, angekaa katika ukumbi wa kanisa na kuuliza swali moja tu: Shamba la Maskini linaishia wapi? Mwenye ushahidi aulete. Asiye nao anyamaze milele.

Swali hilo lilikuwa na umri mkubwa kuliko mtu yeyote wa Mepsey. Zamani, wakubwa walipokausha kinamasi na kugawana ardhi nyeusi iliyojitokeza, walikumbuka, labda kwa aibu, kwamba kulikuwa na watu wanaoishi humo kwa kuvua mikunga na kukata mboji ya kuwashia moto. Wakawaachia ekari kumi na mbili. Hati ikaandikwa: pembe nne, nguzo nne za mwaloni, kila moja igongelewe hadi kwenye udongo wa mfinyanzi wa chini kabisa, kichwa chake kiwe sawasawa na ardhi, na juu ya kichwa ichomwe alama kwa chuma cha moto, mstari mmoja kwa nguzo ya kwanza, minne kwa ya nne. Nguzo tatu ziling'olewa mfereji mkuu ulipopanuliwa, lakini mahali pake palijulikana: darajani, kwenye kona ya njia ya kanisa, na pale mfereji unapokunja kiwiko. Ya nne hakuna aliyewahi kuiona. Hati ilisema ukisimama darajani ukalenga mnara wa kanisa, nguzo iko kwenye mstari huo. Ni umbali gani, panya walikuwa wamekula.

Hati yenyewe, pamoja na panya mmoja aliyekaukia humo, ilikaa ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda cha Thirza Setchell. Thirza alikuwa mjane wa miaka sitini na tisa, mwembamba kama ufito, na ndiye aliyekuwa mtunza historia wa parokia kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Alikuwa na makopo kumi na saba. Humo mlikuwa na majina ya waliokufa kwa homa ya kinamasi, bei ya mishumaa ya kanisa, barua za askari wawili wasiorudi, na ugomvi wa mwaka mzima kuhusu kengele. Watu walimcheka, kisha walikuja kumwuliza bibi zao walizaliwa lini.

Lakini jambo la nguzo kwake halikuwa la makopo. Alipokuwa msichana, Fovargue mzee wa shamba kubwa alianza kusema kwamba, nguzo ya nne isipoonekana, mpaka wa maskini ni ile safu ya miti ya mierebi, maana yake ekari nne tu, tena zile za majimaji. Amos, baba yake Thirza, akasimama mbele ya watu akasema nguzo ipo. Akasema baba yake mwenyewe alimpakata juu yake alipokuwa na miaka minne, akamwambia, “Tumekalia nguzo ya nne, mwanangu.” Ukumbi mzima ukacheka. Nguzo imezikwa hadi utosini, mtu ataikaliaje? Baba yake Amos alikuwa ameshakufa, hakuwepo wa kumtetea. Amos akachimba vipupwe vitatu mfululizo, akapata maji tu. Shimo lake lipo mpaka leo, bata hulitumia, na yeye alienda kaburini akiitwa Amos Mkalia-Nguzo.

Fovargue mzee naye akafa, kesi ikalala. Sasa mjukuu wake, Clement, ndiye aliyeiamsha.

“Naona mnaipiga ardhi sindano,” Clement alisema siku hiyo ya Jumatano, akiwa juu ya trekta lake pembeni mwa njia. “Inaumwa nini?”

“Inaumwa Fovargue,” akajibu Enoch Leaford bila kuinua kichwa. “Ugonjwa wa kurithi.”

Enoch alikuwa mchimba mifereji mstaafu, jirani yake Thirza, na ulimi wake ulikuwa umebaki na nguvu kuliko magoti yake. Clement alicheka. Mtu mbaya hakuwa. Alikuwa na ardhi nyingi, na ardhi nyingi humtia mtu njaa ya ajabu.

“Shangazi Thirza, nisikilize,” alisema, akazima injini. “Hata Bwana Hallam akinipa haki, uzio wako siugusi. Nimeshaiandika kwenye karatasi. Jiko lako, kuku wako, stroberi zako, vyote vyako mpaka kiyama. Umri huu si wa kuhangaika na mitaimbo.”

“Na Beryl?”

“Beryl hana uzio.”

Kweli hakuwa nao. Beryl Papworth alikuwa na kipande cha viazi na kabichi katika zile ekari nane za kugombaniwa, kama walivyokuwa navyo jirani wengine kumi na wawili, na tangu mumewe aanguke kwenye lori la bitiruti akaumia mgongo, kipande hicho ndicho kilichokuwa kikilisha watoto wanne. Thirza alimtazama Clement, akaudunga mtaimbo ardhini kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika.

Siku zote walifanya vilevile. Walianzia darajani, wakalenga mnara, wakadunga hatua kwa hatua hadi wakafika kwenye uzio wa Thirza. Hapo walikunywa chai nyuma ya nyumba yake, wakala mkate na jibini, wakarudi darajani kuanza upya, hatua moja kushoto, hatua moja kulia. Amos naye zamani hakuuvuka uzio huo. Hakuna aliyefikiria kuuvuka na mtaimbo. Shamba la Maskini lingeingiaje kwenye bustani ya Setchell?

Jumapili walisali. Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, na hata kama mkaguzi angekuwa Malaika Gabrieli, Mepsey isingeacha kufua Jumatatu.

Thirza alitoka na beseni la mashuka, akaenda kwenye nguzo ya kamba nyuma ya nyumba. Ilikuwa nguzo nyeusi, ngumu kama chuma, na juu yake ilivishwa kofia ya bati iliyokatwa kutoka kopo la chai. Alinyoosha mikono kuifikia kamba, akasimama kwa ncha za vidole vya miguu, akaikosa. Akajaribu tena. Shuka likamwangukia usoni.

“Umekua tena, mshenzi wewe,” aliiambia nguzo.

Ulikuwa utani wa nyumbani. Bibi yake, aliyeolewa hapo akitokea parokia nyingine, ndiye aliyeanza kusema nguzo ile inakua. Kila mwanamke wa nyumba hiyo, akifika umri fulani, aliona kamba imepanda, akaing'oa kulabu na kuigongelea chini kidogo. Thirza akaingia ndani kuchukua nyundo, koleo na kiti. Akasema atashusha kulabu shubiri moja na itamtosha mpaka siku ya kuondoka duniani.

Aliposimama juu ya kiti akayaona matundu kwa safu, kama vifungo vya koti. La chini lilikuwa lake, na kulabu yake ingalimo, aliyoigongelea mwaka vita vilipokwisha. Juu yake lake tena, la mwaka alioolewa. Juu yake la mama. Juu zaidi, la bibi. Na juu kabisa, vidole vitatu chini ya bati, pete ya chuma iliyoliwa na kutu, ya kufungia mbuzi. Babu alifuga mbuzi, hilo lilikuwa kwenye kopo la nne.

Thirza akaishika ile pete. Ilikuwa juu ya kichwa chake, naye yuko juu ya kiti.

Mbuzi gani hufungwa huko juu?

Akageuka polepole akautazama mlango wa nyumba yake. Ulikuwa na vipandio vitano. Kila nyumba ya Mepsey ilikuwa navyo, kwa sababu ardhi nyeusi ikikaushwa hushuka, mwaka hadi mwaka, na nyumba zilizosimama juu ya magogo yaliyofika kwenye mfinyanzi hubaki zinaning'inia; basi kila kizazi huongeza kipandio kimoja au viwili na kuendelea na maisha. Watoto wa Mepsey hujua jambo hilo kabla hawajajua kusoma. Cha tano alikijenga Harold, mumewe. Cha kwanza alikijenga babu.

Nguzo haikuwa imekua. Ardhi ndiyo iliyokuwa imeshuka.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na watu wa Mepsey walikuwa wameinama miaka sitini hadi migongo ikawauma. Kumbe walichokitafuta hakikuwa mvunguni. Kilikuwa juu ya vichwa vyao, kimebeba chupi na mashuka ya Setchell kila Jumatatu.

Akaleta ngazi ya Harold, akaiegemeza kwenye nguzo, akapanda. Akang'oa misumari ya bati mmoja baada ya mwingine, akaliinua. Chini yake kulikuwa na ukungu na kiota cha nyigu kilichokauka. Akakwangua kwa ukucha, kisha kwa ncha ya koleo. Mstari mmoja mweusi, uliochomwa kwa moto. Wa pili. Wa tatu. Wa nne.

Thirza Setchell alikaa kwenye kile kiti katikati ya bustani akalia kwa sauti, kuku wakamkimbia. Aliona jinsi ilivyokuwa: kijana mwenye mtoto, jioni moja, ardhi imeshuka kiasi cha goti, na kichwa cha nguzo kimekuwa kigoda kizuri. Tumekalia nguzo ya nne, mwanangu. Baba yake hakuwa amesema uongo hata neno moja.

Furaha hiyo ilidumu muda wa kukamua mashuka mawili. Alipofika la tatu ikamjia hesabu nyingine. Hati ilisema kutoka nguzo ya nne, mstari wa mpaka hukimbia moja kwa moja hadi pale mfereji unapokunja kiwiko. Akachukua uzi wa kupandia maharage, akaufunga kwenye nguzo, akaenda nao akilenga kiwiko cha mfereji. Uzi ukapita katikati ya tuta la stroberi. Ukapita juu ya banda la kuku. Ukaingia kwenye mlango wa jiko, ukapita juu ya meza, ukatokea dirishani.

Nusu ya bustani, banda zima na sehemu kubwa ya jiko vilikuwa ndani ya Shamba la Maskini.

Jiko hilo Harold alilijenga kwa mikono yake, tofali juu ya tofali, majira ya joto waliyokuwa bado wanatazamia kupata watoto. Alilifanya kubwa kwa sababu hiyo. Watoto hawakuja, Harold akaondoka, jiko likabaki na ukubwa wake. Thirza hakupenda mahali popote duniani kama alivyolipenda jiko lile.

Na babu yake, yule kijana aliyekaa juu ya nguzo na mwanawe? Aliijua nguzo. Aliijua, na bado alijenga uzio ukaiweka ndani. Baba hakuwa mwongo, lakini babu alikuwa mwizi kidogo.

Akalitazama bati mkononi mwake. Misumari minne tu, na nyundo ilikuwa palepale. Karatasi ya Clement ingemlindia kila kitu. Wiki nzima alikuwa akihubiri kwamba watu waheshimu mpaka, akimwona Clement kuwa mroho wa ardhi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sasa alijua ladha yake.

“Shangazi? Upo?”

Alikuwa Beryl, amesimama kwenye vipandio vya mbele na kabichi mbili kifuani. Thirza akaliingiza bati ndani ya beseni, akalifunika kwa taulo.

“Zimekomaa mapema mwaka huu,” Beryl alisema, akizunguka nyumba. “Nikasema nikuletee kabla hazijawa za Fovargue. Mbona macho mekundu?”

“Sabuni.”

“Nunua ya kipande, hiyo ya unga inaua.” Beryl akazitua kabichi, na bila kuombwa akashika upande mmoja wa shuka la nne, wakalikamua pamoja. Hakuutazama uzi, bustani ya mtu huwa na nyuzi. “Nimemwambia mume wangu tusipande tena mpaka tusikie Alhamisi. Amekasirika. Anasema mtu asiyepanda ameshashindwa. Nikamwambia mbegu ni mbegu, siwezi kumpandia Clement. Usiku wa kuamkia leo mdogo wangu wa mwisho kaniuliza, mama, tukinyang'anywa shamba, viazi vitajua tumehamia wapi?” Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. “Wewe umetafuta vya kutosha, Shangazi. Hata usipoipata, tumekuona.”

Akaenda zake. Thirza alibaki amesimama, na maneno yale ya mwisho yalimkaa rohoni kama mfupa kooni. Hakuligongelea bati. Hakuukata uzi wala kumwambia mtu. Jumatatu yote na Jumanne yote alipika chakula chake uzi ukiwa unapita juu ya meza, akiinama kila alipokwenda kuchukua chumvi.

Jumatano Enoch alikuja kunywa chai, kama kila Jumatano. Akakuta uzi unakatiza juu ya birika.

“Jirani,” alisema, “siku hizi unaanikia jikoni?”

“Kaa upande huu nikwambie. Hapana, upande huo ni wa maskini. Basi kaa hukohuko, panakufaa.”

Akamwambia yote. Akamtoa nje, akamsimamisha juu ya ngazi na magoti yake mabovu, akamwonyesha mistari minne. Enoch aliipapasa kwa kidole, mmoja mmoja. Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi Thirza akamshika suruali asianguke.

“Nimechimba mifereji ya Mepsey miaka arobaini na tano,” alisema akijifuta machozi. “Nimeongeza vipandio kwenye nyumba tisa kwa mikono hii. Na wiki nzima nimedunga ardhi kutafuta nguzo huku nikitundika koti langu juu yake wakati wa chai.”

“Enoch, jiko.”

Kicheko kikaisha. Akashuka, akautazama uzi unavyoingia mlangoni.

“Mimi sijaona kitu,” alisema taratibu. “Macho yangu ya kizee. Mdomo ni wako, jirani, na jiko ni lako. Ukinyamaza nitanyamaza, na sitakufikiria vibaya.”

“Baba angenifikiria vibaya.”

“Amos angekufikiria vibaya kwa kuweka maziwa kabla ya chai.” Akatikisa kichwa. “Lakini ndiyo. Angekufikiria.”

Alhamisi ukumbi ulijaa. Bwana Hallam alikuwa mtu wa makamo, viatu safi, miwani ya duara, na sauti ya mtu aliyesikiliza ugomvi wa mipaka kila siku ya maisha yake ya kazi. Clement alitandaza ramani yake akaeleza mierebi, kwa adabu na bila maneno mengi. Kisha Bwana Hallam akauliza kama parokia ina la kusema.

Thirza akasimama. Alikuwa amevaa kofia yake ya mazishi kwa sababu ndiyo pekee aliyokuwa nayo.

“Tunalo,” alisema, “ila halibebeki. Itabidi mje jikoni kwangu.”

Basi wakaenda, watu hamsini nyuma ya viatu safi vya Bwana Hallam, ambavyo havikubaki safi. Wakazunguka nyumba, wakaikuta nguzo haina kofia. Thirza alimwekea mkaguzi ngazi. Akapanda, akatazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

“Alama ni yenyewe,” alisema. “Lakini Bibi Setchell, hati inasema kichwa kiwe sawasawa na ardhi. Hii imenipita kimo.”

Kicheko kikaanzia nyuma kikaenea hadi mbele. Bwana Hallam akashangaa.

“Bwana mkubwa,” Enoch alisema, “umepanda vipandio vingapi kuingia ukumbini?”

“Sikuhesabu.”

“Sita. Ukumbi ulipofunguliwa hakikuwepo hata kimoja. Mchungaji alijikwaa kwenye kizingiti.”

Thirza akasogeza kiti, akapanda, akaweka kidole kwenye tundu la chini. “Kulabu hii niliigongelea mwenyewe, mikono yangu ikiwa imenyooka hivi. Hili la juu yake, nilipoolewa, na nilikuwa nainyoosha hivihivi. Hili la mama yangu, alikuwa na kimo changu. Hili la bibi yangu, mfupi kutuzidi. Hakuna mwanamke anayeanika nguo kwa ngazi, Bwana Hallam. Kila tundu lilikuwa saizi ya mkono wa aliyelitoboa. Na hii pete ni ya mbuzi, na mbuzi hufungwa chini.”

Bwana Hallam aliandika, akapima, akaandika tena. Kisha akamgeukia Clement na kumwuliza kama ana pingamizi.

Clement alikuwa ameuweka mkono wake kwenye mwaloni ule mweusi. Kila majira ya kulima jembe lake lilikwama kwenye magogo ya namna hiyo, yanayopanda juu kila mwaka kutoka kule chini. Alikuwa mtoto wa Mepsey, na mama yake mzee sasa alibebwa kuingia kwake kwa sababu ya vipandio saba.

“Ningependa kuwa nalo,” alisema mwishowe. “Lakini nguzo ndiyo hii. Babu yangu alimwita Amos mwongo. Mimi siwezi.”

Hakuna aliyeshangilia. Beryl alijifunika uso kwa aproni, na mumewe, aliyekuja kwa fimbo mbili, akawa anamwambia kwa sauti ndogo, “Nilikwambia tupande. Nilikwambia au sikukwambia?”

“Kuna jambo moja,” Bwana Hallam alisema, akiufuata uzi kwa macho hadi dirishani. “Bibi Setchell, unaelewa kwamba kwa mpaka huu...”

“Naelewa. Nimeinama chini yake tangu Jumatatu. Babu yangu aliijua nguzo na bado akaizungushia uzio. Andika hivyo, tena kwa wino. Nitaiweka nakala yake kwenye kopo.” Akangoja kalamu ya mkaguzi isimame. “Baba yangu hakujua. Hilo nalo uliandike.”

Mkaguzi akaandika yote mawili. Akasema jiko ni suala la mkutano wa parokia, si lake. Na kuanzia siku hiyo nguzo ni ushahidi, mtu yeyote asithubutu kugongelea hata msumari.

Mkutano ulifanyika Ijumaa, baada tu ya watoto kutoka shule, na ulichukua muda mfupi kuliko ule wa kengele. Mtu mmoja akasema jiko libomolewe, haki ni haki. Akatazamwa na mkewe, akakaa. Ndipo Enoch akainuka, akashikilia kiti.

“Kwenye kopo la pili la jirani yangu,” alisema, “imeandikwa kwamba watu wa kinamasi walikuwa wakilipa kodi kwa watawa kwa mikunga. Mikunga imeadimika. Lakini nakumbuka vizuri kwamba sisi wenye vipande kule shambani hatuna mahali pa kukaa mvua ikinyesha. Napendekeza Thirza akae na jiko maisha yake yote, na alipe kodi kwa chai. Yeyote mwenye kipande, akija na matope miguuni, apewe kikombe, na asiambiwe avue viatu.”

“Hapo kwenye viatu pananiuma,” Thirza alisema.

“Ndiyo maana ni kodi.”

Beryl akaunga mkono. Mikono ikapanda ukumbi mzima, na wa Clement ukiwemo.

“Clement, shusha,” mtu akamwambia. “Wewe si maskini.”

“Kwa ekari nane mlizonitoa,” alisema, “nimeanza kukaribia.”

Jumatatu iliyofuata Thirza alitoka na beseni la mashuka, akafika kwenye nguzo, akanyoosha mikono, akasimama kwa vidole, akakumbuka. Kulabu ilikuwa palepale, juu, na haikuruhusiwa kushuka. Alikuwa ameokoa ekari nane na sasa hana mahali pa kuanika.

Akageuka arudi ndani. Hapo ndipo alipowaona wanakuja kwa njia ya mfereji: Enoch mbele, Beryl na toroli la matofali, mumewe na fimbo zake akitoa amri, na nyuma kabisa Clement Fovargue, begani ana ubao mnene mweusi, mwaloni aliouchimbua shambani kwake mwenyewe.

“Nguzo haiguswi,” Enoch alisema, akiingia bila hodi. “Hatuigusi. Tunafanya kama tulivyofanya siku zote.”

Wakapanga matofali chini ya kamba, wakalaza ubao juu yake, wakaukanyagakanyaga kuona kama umetulia. Kazi yote haikumaliza nusu saa. Kilikuwa kipandio, kama vipandio vyote vya Mepsey, ila hiki hakikuelekea mlango wowote.

Clement akampa mkono. Thirza akapanda na shuka lake, akaifikia kamba bila kusimama kwa vidole. Kutoka pale juu aliona daraja, mnara, na katikati yake vipande vya majirani, kimojawapo kikiwa kimechimbuliwa upya kwa viazi vya kuchelewa. Aliliona shimo la baba yake na bata wawili ndani yake. Lilikuwa limebakiza hatua thelathini hivi kuufikia uzio, na hatua nyingine kumi kuifikia nguzo. Alikuwa amekaribia sana, Amos maskini, alikuwa amekaribia sana.

“Ilikuwa hapa, baba,” alisema, wala hakujali nani anasikia. “Ulikuwa umeikalia kweli.”

Akabana shuka kwa vibanio viwili, akashuka, akaenda kuteka maji ya birika, maana kodi yake ilikuwa imeshapanga foleni kwenye mlango wa jiko, na viatu vyote vilikuwa na matope.